Kwanza Mchele, Kisha Sukari: Biskuti za Idi na Watoto

  

Ukipita vichochoroni mwetu baada ya tarawehe katika siku hizi, pua hukwambia jambo ambalo macho hayajaliona. Harufu ya bajia na sambusa imepisha harufu ya samli, iliki na sukari inayoanza kuungua pembezoni. Saa sita za usiku, saa saba, saa nane, taa za jikoni zingali zawaka. Ukitega sikio utasikia chekecheke likigongwa, mama akimkemea mtoto amwondokee miguuni, na pengine baba akiuliza kutoka ukumbini daku itakuwa tayari saa ngapi.

Bi Aisha (R.A.) ameeleza, katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba likiingia kumi la mwisho Mtume (S.A.W.) alikuwa akikaza shuka yake, akiuhuisha usiku wake kwa ibada, na akiwaamsha watu wa nyumba yake. Tuizingatie sehemu hiyo ya mwisho. Watu wa nyumba waliamshwa ili wasimame kusali. Katika nyumba nyingi za mji wetu mama hana haja ya kuamshwa, kwa kuwa hakulala. Lakini kilichomweka macho ni sinia ya tano ya biskuti, na usiku ambao huenda ukawa ndio Laylatul-Qadri umempita akiwa na unga hadi viwikoni. Hatusemi kuwa kazi yake haina thawabu. Mwenye kuwalisha watu wake kwa nia njema ana fungu lake kwa Mola wake. Twasema tu kwamba kazi hiyo ingeweza kufanywa mchana, kwa saa moja na nusu, na mikono mingi midogo ambayo kwa wakati huo iko juu ya simu au inagombania mto wa kulalia.

Juma lililopita, baada ya darsa ya alasiri, baba mmoja alitungoja nje ya msikiti hadi watu walipotawanyika. Akatuuliza kwa sauti ya chini: Sheikh, mtoto wa kiume wa miaka tisa kuketi jikoni akikanda biskuti, si atalainika huyo? Tulidhani ni swali la kinadharia. Tulipomuuliza zaidi, ikadhihirika kwamba mkewe ni mja mzito wa miezi minane na ameamrishwa na daktari asisimame kwa muda mrefu. Kwamba mabinti wawili walio nyumbani ni wadogo mno. Na kwamba kijana huyu mwenyewe ndiye aliyesema, mwaka huu biskuti nitafanya mimi, mama anielekeze akiwa kitandani. Amekwisha kufanya sinia moja. Aliibeba kwa kichwa mwenyewe kuipeleka kwa jirani mwenye oveni, na barazani wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomleta babake kwetu.

Jawabu letu lilikuwa fupi, nasi twalirudia hapa kwa sababu twaamini si yeye peke yake anayelihitaji. Bi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani mwake. Akajibu kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake, na wakati wa Sala ulipofika hutoka kwenda kusali. Hadithi hii imo katika Sahihi ya Bukhari. Na katika mapokezi mengine imetajwa kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake kwa mkono wake. Sasa, ni nani kati yetu atakayesema kuwa kazi ya nyumbani humpunguzia mtu uanaume?

Kisha tukamuuliza, na hili lilimfanya atabasamu: pilau ya harusi yako ilipikwa na nani? Maana sote twajua kuwa sufuria zile kubwa za harusi, ambazo mwiko wake ni mrefu kama kasia, husimamiwa na wanaume wenye vikoi vilivyofungwa vyema. Halua ya pwani hii, kutoka Lamu hadi Mombasa hadi Unguja, huvurugwa na wanaume, nao hurithishana ufundi huo baba kwa mwana. Mikate yetu huokwa na wanaume. Mishikaki huchomwa na wanaume. Ajabu ni kwamba mwanamume akipika kwa malipo huitwa fundi, na mwanawe akipika kwa kumhurumia mamake huchekwa. Yule kijana, kwa maoni yetu, amefanya jambo ambalo wengi waliokaa barazani hawajalifanya Ramadhani nzima.

Basi na tuliingie lenyewe jambo la biskuti, kwani wasomaji wetu hawapendi kuahidiwa chakula kisha wakapewa maneno.

Sharti la kwanza ni kwamba iwe aina moja. Twajua kwamba sahani ya Idi ya mwanamke wa pwani ina heshima zake: biskuti za mashine, vileja vya unga wa mchele, nankhatai iliyotujia kutoka Bara Hindi, visheti, tambi, labania. Vyote hivyo ni vitamu nasi si wa mwisho kuvila. Lakini atakayewaita watoto na kutaka aina saba kwa alasiri moja atamaliza kwa kupiga kelele, na watoto watajifunza kuwa Idi ni siku ya kukemewa. Chagua moja. Hizo nyingine, kama ni lazima, ziagizwe kwa mama jirani anayeuza. Naye pia ana watoto wa kuvishwa.

Wala jambo hili si la kwetu tu. Huko Misri, Waislamu hutengeneza biskuti za Idi ziitwazo kahk, na wakati wa dola ya Fatimiyya palikuwa na nyumba maalumu ya serikali ya kuandaa vitamu vya Idi, Dar al-Fitra, aliyoitaja mwanahistoria al-Maqrizi. Katika nchi za Sham kuna ma'amoul yenye tende ndani, hutiwa katika vibao vya mti vilivyochongwa nakshi kisha hugongwa mezani itoke na umbo lake. Na sehemu hizo zote, kazi ya kujaza na kugonga ni ya jamaa nzima walioketi duara. Kuoka peke yake usiku wa manane, mtu mmoja na moto wake, hiyo si mila; ni mzigo ulioangukia mtu mmoja watu wengine walipoondoka kimya kimya.

Wakati uwe baada ya Sala ya alasiri, mwezi 26 au 27, si siku ya mwisho. Hapa kwetu suala la mwezi lina watu wake na hoja zake, nasi hatuliingii leo. Itoshe kusema kwamba yupo jirani atakayesali Idi siku moja kabla yako, na mtoto wake atagonga mlango wako kuomba biskuti ilhali zako zingali unga.

Na kabla unga haujafunguliwa, mchele.

Hili ndilo twalolipenda zaidi katika mpango huu mzima, na twawaomba wazazi wasilipite. Leteni gunia au mfuko wa mchele sakafuni pa jikoni, juu ya mkeka. Leteni kibaba, na kama kibaba cha kale hakipo nyumbani, tafuteni kikombe kimoja mkipime kwa mizani mara moja mjue kinachukua kiasi gani. Kisha mwulizeni mtoto mkubwa: nyumba hii ina vichwa vingapi? Zaka ya fitri ni pishi moja ya chakula kikuu cha mji kwa kila kichwa, na pishi ni vibaba vinne. Nyumba ya watu saba ni pishi saba, ni vibaba 28. Wengi hukadiria pishi ya mchele kuwa kilo mbili na nusu. Basi kwa watu saba ni kilo 17 na nusu. Mtoto wa darasa la nne aliyechoshwa na hesabu za kwenye kitabu ataifanya hesabu hii kwa furaha kwa sababu jawabu lake linamwagika mbele ya macho yake, chwaa, ndani ya mfuko.

Maswali yatakuja. Je, mtoto mchanga naye yumo? Yumo, hutolewa na anayelazimika kumlisha, madhali amezaliwa kabla ya jua kutua siku ya mwisho ya Ramadhani. Na aliye tumboni? Huyo bado, haiwajibiki kwake mpaka awe amezaliwa kabla ya wakati huo. (Kijana wetu wa miaka tisa alimwuliza babake swali hilihili, na babake akaja nalo kwetu.) Je, bibi anayekaa nasi? Ikiwa baba ndiye anayelazimika kumlisha, yumo. Watoto wataanza kubishana kuhusu shangazi aliyekuja kwa wiki mbili. Waacheni wabishane. Hii ni fiqhi inayoingia kwa viganja, nayo haisahauliki.

Wakiisha kupima, fungeni mifuko. Zaka hii inapaswa kuwafikia wenyewe kabla ya Sala ya Idi, na katika madhehebu yetu ya Shafii yajuzu kuitanguliza ndani ya Ramadhani, ingawa bora zaidi ni asubuhi ya Idi kabla ya Sala. Na hapa pana adabu moja ya kufundishwa siku hiyo hiyo: jina la anayepelekewa mfuko halitoki jikoni. Mtoto anayejua kuwa babake rafiki yake amepokea mchele, kisha akalitaja mchezoni, ameuharibu mchele wote. Mwambieni hivyo mapema, kwa upole, tena kwa uso usio na mzaha.

Sasa sukari.

Biskuti twazozipendekeza hukumbukwa kwa hesabu ya moja, mbili, tatu: fungu moja la sukari, mawili ya siagi, matatu ya unga, yote kwa uzito. Ukichukua siagi au majarini gramu 250, sukari ni gramu 125 na unga mweupe wa ngano ni gramu 375. Asiyekuwa na mizani atumie vikombe vitatu vya unga, kikombe kimoja cha sukari laini ya unga, na kopo zima dogo la majarini. Chumvi, chembe za vidole viwili. Iliki iliyotwangwa, kijiko kimoja cha chai. Hakuna yai, hakuna hamira, hakuna maziwa. Kwa vipimo hivi utapata biskuti kama 40 za kadiri. Sukari ya kawaida yenye chembe nene husagwa kwanza kwa blenda, au ikaachwa hivyo hivyo kwa wanaopenda biskuti inayotafunika kwa sauti.

Mwenye kutaka samli badala ya siagi, na ladha ya samli ni bora bila ya shaka, apunguze: gramu 200 zatosha mahali pa 250, kwa sababu siagi ina maji ndani yake na samli haina. Donge likigoma kushikana, ongezeni maziwa kijiko kimoja kimoja.

Iliki itwangwe na mtoto mdogo kuliko wote. Kinu kidogo, mchi mdogo, punje kumi na tano zilizomenywa: kazi hiyo itamshughulisha robo saa nzima, na nyumba itanukia kabla ya jambo lolote. Wa miaka mitano aweza kuchekecha unga maadamu chekecheke liko juu ya sinia pana. Wa miaka saba, ambaye twamwamrisha Sala, hatumwogopi kumwachia mizani. Wa miaka tisa na kumi avuruge siagi na sukari kwa mwiko hadi iwe laini na kugeuka nyeupe, dakika tano au sita, kisha atie unga na iliki na kufikicha kwa ncha za vidole hadi donge lishikane. Wasikande kama unga wa chapati. Chapati hutaka nguvu. Biskuti ikikandwa sana huwa ngumu, na babu asiye na meno hataifurahia.

Joto la pwani ni adui wa kazi hii. Mwaka wa mwezi hupungukiwa na mwaka wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Idi huzunguka misimu yote kwa muda wa miaka 33 hivi, na biskuti za Idi ya kaskazi si za Idi ya masika. Wakati wa kaskazi siagi huyeyuka mikononi mwa watoto na donge hugeuka uji mzito. Likiwa hivyo, lifunikeni mliweke frijini nusu saa, au bakuli likalishwe ndani ya beseni la maji baridi, na katika nusu saa hiyo watoto wasome juzuu au waoge. Msiongeze unga kwa pupa. Biskuti itakuwa kavu kama chaki.

Kisha madonge, ukubwa wa ndimu changa, yakibonyezwa kwa kiganja au kwa uma ili yapate michirizi. Wenye kupenda maumbo wasukume donge kwa mti wa chapati hadi liwe na unene wa nusu sentimita, wakate kwa mdomo wa bilauri. Ukikata duara, kisha ukakata tena pembeni mwa duara hilo, umepata mwezi muandamo. Juu ya kila moja nusu ya korosho, nayo korosho haitoki mbali: Kilifi na Kwale ziko hapa. Au ufuta. Au zabibu kavu.

Hapo ndipo huja swali la arki ya vanila, na kila mwaka twaulizwa. Arki nyingi za dukani hutengenezwa kwa kileo, na wanavyuoni wa zama hizi wametofautiana: wako wanaoiruhusu kwa uchache wake na kwa kuwa haibaki na athari, na wako wanaoikataza. Sisi twasema iliki ipo, tena ni ya kwetu. Ya nini kuingia katika khitilafu kwa ajili ya harufu? Na zile punje za sukari za rangi, someni karatasi yake. Rangi nyekundu iliyoandikwa E120 hutokana na mdudu, nayo ina mjadala wake. Korosho haina karatasi ya kusomwa.

Na kuonja? Wakubwa waliofunga wasionje, hakuna haja. Katika madhehebu yetu, kuonja chakula bila haja kwa aliyefunga ni karaha. Mpishi mwenye haja haimdhuru, madhali atatema na hakikupita kitu kooni. Lakini biskuti iliyopimwa kwa mizani haina haja ya ulimi. Watoto wasiofunga nao wazuiwe kula donge bichi, na hili ni kwa siha zao: unga mbichi haujapita motoni na huweza kubeba vijidudu vya kuumiza tumbo.

Tuseme kidogo kuhusu wale wadogo wanaofunga kwa mara ya kwanza, wa miaka saba au minane, ambao ikifika saa kumi na moja za jioni midomo imekauka na machozi yako karibu. Wazazi hudhani kuwaweka mbele ya sukari ni kuwatesa. Sisi tumeona kinyume chake. Katika Sahihi mbili, Bi Rubayyi' binti Mu'awwidh (R.A.) ameeleza jinsi walivyokuwa wakiwafungisha watoto wao siku ya Ashura na kuwatengenezea vidude vya sufi vya kuchezea; mtoto akililia chakula hupewa hicho kichezeo hadi wakati wa kufuturu. Waliijua siri ya mikono. Mtoto anayepanga korosho 40 juu ya madonge 40 hukuta adhana inamshitua. Bila shaka asiyeweza afungue, wala asiaibishwe. Hajafika umri wa kuwajibika.

Kuoka ni kazi ya mkubwa. Oveni iwe na joto la 170, na biskuti zikae dakika 12 hadi 15, hata pembe zake zianze kupata rangi ya dhahabu ilhali katikati pangali peupe. Zitakuwa laini ukizigusa. Zitoeni hivyo hivyo. Hukauka zikipoa, na anayengoja zikauke ndani ya oveni ataziungua.

Asiye na oveni, au ambaye stima imemkatikia, asivunjike moyo. Tulipokuwa wadogo sinia zilikwenda kwa kichwa hadi kwenye tanuri la mkate, na nani aliyezicheka? Nyumbani, chukueni sufuria kubwa, mtie mchanga mkavu kiasi cha vidole viwili, mulikalishe juu ya seredani hadi mchanga upate moto, muingize sinia ndogo, mfunike kwa mfuniko wa bati na kupalia makaa juu. Moto wa juu uzidi wa chini, maana biskuti huungua tumbo kabla ya uso kupata rangi. Na jambo hili lifanywe uani, mahali pa wazi. Makaa katika chumba kilichofungwa huua, tena huua bila moshi wa kuonekana.

Karibu na magharibi zitakuwa zimepoa. Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba mtumishi akikuletea chakula, ikiwa hukumketisha nawe, basi mpe japo tonge moja au mawili, kwa sababu yeye ndiye aliyeubeba moto wake na taabu yake. Ikiwa hiyo ndiyo haki ya mtumishi, haki ya mtoto ni ipi? Ikishaliwa tende na kunywewa maji, biskuti ya kwanza apewe aliyetwanga iliki. Wakila watoto siku hiyo biskuti nane, ni nane, zimebaki 32. Tumewaona wazazi wanaofungia mkebe mara tu sinia inapotoka motoni na kusema hizi ni za wageni. Mtoto aliyefanya kazi alasiri nzima kisha akaambiwa hana fungu, mwakani atabaki na simu yake, nasi hatutakuwa na la kumlaumu.

Zilizobaki zisifunikwe zikiwa na joto hata kidogo, mvuke utazilainisha. Mkebe wa bati wenye kifuniko kinachobana, na karatasi safi kati ya tabaka na tabaka. Upepo wetu una unyevu wa bahari, na biskuti iliyoachwa wazi usiku mmoja huwa kama mkate wa jana. Zikihifadhiwa vyema hukaa wiki mbili, yaani kama zitaachwa zikae.

Usiku wa siku hiyo jikoni pafungwe mapema. Mama, ikiwa hana udhuru, apewe mswala wake na chumba chenye utulivu, na baba ndiye awalaze watoto. Kwa nyumba ya yule aliyetuuliza swali, ambako mama amelazwa na daktari, dhikri na dua za kitandani zina nafasi yake kwa Mola, na mtoto wa kiume aliyemletea biskuti ya kwanza kwenye kisahani asimzuilie mtu kumwombea dua.

Asubuhi ya Idi tende zitangulie, kwa idadi ya witri, ndiyo Sunna kabla ya kutoka kwenda kusali Idi ya Mfunguo Mosi. Tukirudi, sahani. Ziandaliwe usiku wake, zifunikwe kwa kawa, na watoto walewale waliooka ndio wazipeleke, wavulana kwa wasichana. Ya bawabu wa jumba. Ya mwadhini. Ya mjane wa ghorofa ya juu. Na ya jirani asiyekuwa Mwislamu: Abdullah bin Amr (R.A.) alichinjiwa mbuzi nyumbani kwake, na alipofika aliwauliza watu wake mara mbili kama wamekwisha kumpelekea jirani yao Myahudi, kwa vile alivyomsikia Mtume akiusia kuhusu jirani. Biskuti sita kwa kila sahani zatosha. Na chini ya sahani tieni alama, kwa rangi ya kucha ikiwa hamna nyingine. Sahani za Idi huwa na safari ndefu, na baadhi yake hurudi mwezi wa Mfunguo Pili zikiwa na mahamri juu.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.